Moto wa Kifaru cha Mbao

Mnara wa kile kifaru cha vita uliwaka vizuri kuliko ubavu wake. Lukerya alikwisha kuligundua hilo. Ubavu ulikuwa wa mbao nyembamba, moto ukaula upesi na kubaki na njaa. Lakini mnara ulichongwa kwa msonobari mnene wenye utomvu, na ukitiwa kwenye jiko dogo la chuma ulikuwa unaimba taratibu, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto chumba cha pili.

Mama mkwe wake, Agafya, alikuwa amelala upande uleule wa jiko siku zote, blanketi mpaka kidevuni, macho yake mawili yakiutazama mlango wa jiko.

"Leo tunachoma nini, binti?"

"Mnara, mama. Ule wa zamani."

"Wa zamani? Juzi si uliniambia ni mpya?"

"Juzi ulikuwa mpya. Jana mhandisi Veniamin Osipovich aliusogeza nyuma kidogo, basi ukawa wa zamani."

Agafya alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuondoka. Lukerya alimshika mgongo. Kupitia blanketi na sweta mbili aliisikia mifupa ya yule mama ikitikisika. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa umemshika tangu theluji ya kwanza, na daktari wa kiwanda alikuwa amesema jambo moja tu kabla ya kufunga mkoba wake: apate joto. Chumba kikiwa na joto, mama ataiona masika. Kikiwa baridi... hapo daktari hakumalizia.

Hiyo ilikuwa baridi ya tatu ya vita, katika mji wa viwanda chini ya milima ya Urali. Msitu ulikuwa karibu, unauona dirishani, mweusi na mkubwa, lakini farasi wote walikuwa wamekwenda vitani na kuni hazitembei zenyewe. Makaa ya mawe yaliliwa na tanuri za chuma. Katika safu ile yote ya mabanda walimolala wafanyakazi, waliokuwa na moto wa uhakika ni maseremala wa karakana ya mifano, na moto wao ulitoka kwenye kifaru ambacho hakijazaliwa bado.

Kazi ilikuwa hivi. Wahandisi walikuwa wanabuni kifaru kipya, si kizito wala si chepesi, cha kati, cha kuchukua nafasi ya kile ambacho kiwanda kilikuwa kinakitoa kila siku. Kabla chuma hakijayeyushwa, kifaru kizima kilijengwa kwa mbao, ukubwa wake uleule, ili wahandisi waweze kukizunguka, kuingia ndani, kugonga vichwa vyao na kujua wapi wamekosea. Walipokosea, maseremala waling'oa kipande na kutengeneza kingine. Kile kilichong'olewa kilikuwa mali ya maseremala, kwa zamu, kadiri aproni ya mtu inavyoweza kubeba. Hata mlinzi wa lango aliijua desturi hiyo. Akiona aproni imevimba, alifungua lango bila kuuliza.

Kwa hiyo kila wazo jipya la mhandisi lilikuwa moto wa nyumba fulani.

"Mungu ampe mhandisi wetu mashaka mengi," alikuwa akisema Babu Minnulla kila asubuhi, akinoa patasi yake. Alikuwa Mtatari mnene mwenye mguu mmoja mgonjwa, fundi mkubwa wa karakana. "Akose usingizi, awaze, asiridhike. Amina."

"Amina," alijibu Stepanida kutoka kwenye benchi lake. "Na wiki hii ayawazie magurudumu. Magurudumu yana mbao nzito, na zamu ni yangu."

Lukerya alitabasamu na kuendelea kupiga randa. Yeye hakuwa msemaji. Maneno yalimjia, lakini yalipofika mdomoni yaliona haya yakarudi. Karakana nzima ilimwita Bubu, bila ubaya, na yeye aliitika.

Kifaru kilisimama katikati ya ukumbi chini ya paa la vioo. Theluji ilitanda juu ya vioo, na mwanga ulioshuka ulikuwa mweupe, laini kama maziwa yaliyotiwa maji, hausogei, hauna kivuli. Kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani. Ukikitazama kwa muda kilionekana kinapumua. Lukerya aliwahi kukiota mara kadhaa: anakiona kinatoka ukumbini bila sauti, kinapita juu ya mto ulioganda, na nyuma yake minyororo ya mbao inaacha maranda yaliyojikunja, meupe, hadi upeo wa macho.

Veniamin Osipovich naye alikuwa mtu wa ndoto. Alikuja na kiwanda kutoka kusini, siku zile mitambo ilipopakiwa kwenye treni huku mji wao ukiungua nyuma. Michoro aliifunga tumboni chini ya shati, na watu walisema hadi leo anatembea ameinama kana kwamba bado anaificha. Wazo lake kubwa lilikuwa la injini. Katika vifaru vyote walivyovijua injini ililala kwa urefu. Yeye aliilaza kwa upana, kama mtu aliyelala kukata kitanda, na mara mwili mzima wa kifaru ukashuka, ukawa mfupi, adui hana pa kulenga.

Wazo la pili lilikuwa la dereva, na hilo ndilo lililomgusa Lukerya. Katika kifaru cha zamani dereva aliingilia mlango uliokatwa kwenye bamba la mbele, palepale risasi zinapopiga. Mlango huo ulikuwa unapasuka. Watu wa kiwandani walivipokea vifaru vilivyorudishwa kutengenezwa, wakauona. Katika kifaru kipya bamba la mbele lilikuwa zima, halina tundu, na mlango wa dereva ulihamia juu, kwenye paa, mbele ya mnara.

Mume wa Lukerya, Timofey, mwana wa pekee wa Agafya, alikuwa dereva wa kifaru cha zamani.

*

Siku ile Babu Minnulla aliingia akichechemea kuliko kawaida na kuwakusanya karibu na jiko la gundi.

"Tume inatoka Moskva," alisema. "Kesho mchana wako hapa. Wakikikubali wanakipiga muhuri wa nta nyekundu, na hakuna anayegusa hata msumari mpaka cha chuma kitoke."

"Na kuni?" aliuliza Stepanida.

"Kuni ndiyo basi."

Nje upepo ulikuwa unafagia paa. Stepanida alikuwa na watoto wawili wadogo waliolala kwenye sanduku moja la misumari, miguu ya huyu kichwani kwa yule, ili wapashane joto.

"Hakijakamilika lakini," alisema Stepanida polepole. "Ule mlango wa dereva. Mhandisi mwenyewe ana wasiwasi nao. Nilimsikia jana akijisemea: ni mwembamba, si mwembamba, ni mwembamba."

"Kesho asubuhi anataka mtu aingie na kutoka," alisema Minnulla. "Kwa mavazi ya baridi. Akitoka vizuri, basi. Akikwama, paa lote la mbele linang'olewa na kujengwa upya, na tume itasubiri."

"Paa lote!" Stepanida alifumba macho. Mbao za paa zilikuwa nene kuliko zote. "Babu, hizo ni kuni za mpaka theluji iyeyuke. Kwetu sote. Nani anaingia?"

Minnulla alijipiga tumbo. "Mimi nikiingia mtanizika humohumo. Amemtaka Lusha."

Wote wakamgeukia Lukerya. Alishusha macho kwenye randa yake.

"Bubu, mpenzi wangu," alisema Stepanida, akimshika mkono kwa vidole vya baridi. "Hatukuombi hotuba. Sema tu bega linakwama. Neno moja. Wala si uongo mkubwa, bega la nani halijawahi kukwama mahali? Mfikirie mama mkwe wako."

Lukerya alikuwa anamfikiria. Hakuwa anafikiria kitu kingine.

Jioni walichoma kipande cha mwisho cha mnara. Agafya alikunywa maji ya moto yaliyotiwa karoti kavu, na mashavu yake yalipata rangi kidogo. Katika joto lile chumba kilionekana kimesogea mbali na mji, kinaelea peke yake juu ya theluji, na wao wawili ndani yake.

"Mama," alisema Lukerya. Mbele ya Agafya maneno yalikuwa hayaoni haya sana. "Nikisema neno moja kesho, tutakuwa na mbao mpaka masika."

"Neno gani?"

"Kwamba bega la dereva linakwama mlangoni."

"Linakwama?"

"Sijui. Sijaingia."

Agafya aliutazama moto. "Na ukilisema, hicho kifaru kinakuwaje?"

"Kinachelewa."

"Kwa kiasi gani?"

"Hakuna ajuaye. Mhandisi akianza kubadilisha huwa hajui kuacha."

Mnara uliimba, ukapasuka, ukaimba tena. Agafya alinyoosha mkono nje ya blanketi, akaufungua mlango wa jiko kidogo, akaufunga. Lukerya alingoja aambiwe la kufanya. Alitaka sana kuambiwa. Lakini yule mama alisema tu:

"Timosha alizaliwa na mabega mapana. Aliniua kwa mabega yale. Mkunga alisema, Agafya, huyu umemzaa na kabati." Kisha, baada ya kikohozi: "Ukiingia, vaa koti lake. Wewe mwembamba kama sindano, utatokea hata kwenye tundu la kufuli."

*

Koti la Timofey lilikuwa la ngozi ya kondoo, manyoya ndani, na bado lilinuka tumbaku yake. Lukerya alipolivaa juu ya nguo zake zote, Babu Minnulla alisema, "Lo, dubu ameamka," na hata Veniamin Osipovich alitabasamu kwa mbali.

"Usiharakishe, Lusha," alisema mhandisi. Alikuwa hajanyoa na macho yake yalikuwa mekundu. "Ingia, kaa, kaa kidogo. Kisha nikigonga, toka. Uniambie kweli ulivyoona. Ukiniambia linakwama nitang'oa paa hili sasa hivi, na tume wanywe chai wangoje." Alisema hivyo kama mtu anayetamani kuambiwa. Alikuwa anakipenda kile kifaru na hakutaka kimtoke mikononi.

Stepanida alisimama pembeni, nyundo ya mti kifuani. Midomo yake ilitamka bila sauti: linakwama.

Lukerya alipanda, akatanguliza miguu, akazama ndani.

Ndani kulikuwa kimya. Kulikuwa kunanuka gundi na utomvu. Aliketi kwenye kiti cha dereva, magoti juu, mikono kwenye vyuma viwili vya kuongozea, ambavyo vilikuwa vijiti alivyovichonga mwenyewe. Mbele yake hapakuwa na mlango. Palikuwa na bamba zima na upenyo mdogo wa kuchungulia, na kupitia upenyo ule aliona kipande cha ukumbi mweupe. Alipokitazama kwa muda kilipoteza mabenchi na watu, kikawa uwanda mtupu. Akauona uwanda ule ukija kwake polepole, nyasi zilizoganda, moshi uliolala chini, mti mmoja. Aliisikia injini iliyolala kwa upana ikinguruma nyuma yake, ingawa ilikuwa kasha tupu. Akajua kwamba bamba lile litapigwa. Akaweka kiganja juu yake. Mbao ilikuwa na joto kidogo, la mkono wake tu.

Mhandisi aligonga.

Lukerya aliinuka. Kichwa kilitoka, mkono mmoja ukatoka, kisha koti likagonga ukingo na bega likanasa. Kweli lilinasa. Alisikia karakana yote ikivuta pumzi. Mlango ulimbana pande zote mbili, kama watu wanaomshika wasitake aende. Aliona uso wa Stepanida, umeng'aa, umekuwa mzuri ghafla. Alichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Wala isingekuwa uongo.

Alibaki hivyo, nusu ndani nusu nje, katika mwanga ule wa maziwa.

Lakini koti lilimkumbusha mwenye koti. Timofey hakuwahi kuingia mlangoni kama watu wengine. Milango ya nyumba ya kuogea kwa mvuke kijijini kwao ilikuwa midogo, imefanywa midogo makusudi joto lisitoke, na yeye tangu utotoni alizoea kupita ubavu: bega la kushoto kwanza, kichwa kimeinama, la kulia linafuata. Alipita hivyo hata kwenye milango mipana. Siku ya harusi alipita hivyo kwenye mlango wa ofisi ya serikali, na wageni wakacheka.

Lukerya alijirudisha chini. Akageuka. Akatanguliza bega la kushoto, akainamisha kichwa, na koti lote na manyoya yake likapanda kama moshi unavyopanda bombani. Alijikuta amesimama juu ya paa la kifaru, watu wote wako chini yake.

"Mara ya kwanza ulinasa," alisema Veniamin Osipovich haraka. "Nimeona. Umenasa. Ni mwembamba, sivyo?"

Maneno yalikuja, yakafika mdomoni, yakaona haya. Safari hii aliyasukuma.

"Anatoka," alisema.

"Sikusikii."

"Anatoka. Akitanguliza bega la kushoto anatoka. Mfundisheni tu."

"Nani?"

"Dereva."

Mabega ya mhandisi mwenyewe yalishuka, kama ya mtu aliyepokonywa mtoto aliyembeba kutwa. "Basi kimekwisha," alisema, si kwa furaha. Akaenda kukaa juu ya rundo la mbao akavua miwani.

Lukerya alipofika chini Stepanida alikuwa anamngoja.

"Mwaka mzima bubu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka mzima! Na leo ndiyo umeota ulimi."

"Timofey—"

"Wangu mimi alikufa mwaka wa kwanza, Lusha. Hakuna kifaru kitakachomsaidia. Mimi nina wale wawili kwenye sanduku." Aligeuka akarudi benchini, na aliipiga patasi yake kwa nguvu kiasi kwamba Babu Minnulla aliinua kichwa kumtazama.

*

Tume ilikuja mchana uleule, wanaume watatu wenye kofia za manyoya. Walizunguka, waliingia, waligonga vichwa vyao mahali panapostahili. Mmoja, kanali, alikaa kwenye kiti cha dereva muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipotoka aliulizwa jambo akajibu jingine. Nta nyekundu iliyeyushwa palepale kwenye jiko la gundi na muhuri ukapigwa mbele, nyuma na ubavuni. Kifaru kilionekana kama kimefumbwa macho.

Jioni ile Lukerya alipita langoni na aproni yake bapa. Mlinzi alifungua lango kwa mazoea, kisha akamtazama mara ya pili. Mbele yake barabarani Stepanida alikuwa anatembea na watoto wake, mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Lukerya aliongeza mwendo. Stepanida aliisikia theluji ikilia nyuma yake naye akaongeza mwendo. Wakaenda hivyo mpaka mabanda, na umbali kati yao haukupungua.

Chumbani jiko lilikuwa jeusi. Ukuta wa ndani ulikuwa umeota barafu nyembamba, inang'aa kama magamba ya samaki. Agafya alikuwa macho.

"Umesemaje?"

"Nimesema anatoka, mama."

"Na koti?"

"Na koti. Bega la kushoto kwanza."

Agafya alicheka bila kukohoa, kicheko cha pumzi tu. "Huyo ndiye," alisema. "Huyo huyo." Mvuke wa pumzi yake ulipanda na kukaa juu yao. "Baridi, Lusha."

Lukerya hakuvua kitu. Alipanda kitandani na mabuti yake ya sufu na koti la Timofey, akavuta blanketi zote mbili na gunia na kitambaa cha meza, akawafunika wote mpaka juu ya vichwa. Palikuwa giza. Yule mama alikuwa mdogo mikononi mwake, mdogo kuliko alivyodhania.

"Nionyeshe," alisema Agafya gizani.

"Nikuonyeshe nini?"

"Anavyokaa. Huko ndani. Wewe umekaa, mimi sijakaa."

Lukerya alifikiri. Kisha akajiinua akaegemea ukuta, blanketi zikasimama juu ya kichwa chake kama paa, akamvuta mama mkwe wake akamketisha mbele yake, mgongo wa yule mama kifuani mwake. "Magoti juu, mama. Hivyo. Kichwa chini kidogo. Injini iko huku nyuma, inakuja na joto."

"Injini ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unanguruma kidogo sana."

"Ndiyo kwanza imewashwa."

"Na mikono?"

Lukerya alipitisha mikono yake mbele akampa vifundo vyake viwili vya mikono, mkono wa kulia kwa wa kulia, wa kushoto kwa wa kushoto. Vidole vya Agafya vilikuwa baridi kama funguo. Vilishika.

"Hivi viwili ndivyo vya kuendeshea. Ukivuta wa kushoto, kinakwenda kushoto. Wa kulia, kulia. Ukivuta vyote kinasimama."

"Sitavuta vyote," alisema Agafya.

Hewa chini ya blanketi ilikuwa imeanza kuwa nzito na laini, inanuka manyoya ya kondoo na tumbaku. Nje upepo ulipiga bamba la ukuta, ukarudi, ukapiga tena. Yule mama alinyoosha shingo kana kwamba anachungulia upenyo, akakaa hivyo kwa muda, akiona anachokiona. Kisha akavuta kifundo cha kushoto, kidogo, kwa uangalifu wa mtu anayejifunza, na Lukerya akaegemea kushoto pamoja naye.

"Kinageuka," alisema Agafya.

"Kinageuka, mama."